Maswali yanayoulizwa sana kuhusu vitabu vya Niall Ferguson: hela, himaya, vita na nani mwenye nguvu

Haya ni maswali ambayo watu huniuliza kila nikimtaja huyu mwanahistoria. Nimejibu kutokana na vitabu vyenyewe, na pale nisipokubaliana nae nimesema wazi.

Huyu Ferguson ni nani hasa?

Ni mwanahistoria wa Scotland, kazaliwa Glasgow mwaka 1964, kasoma Oxford, halafu akaenda Ujerumani kuchimba nyaraka za wafanyabiashara wa Hamburg wa kile kipindi cha mfumuko mkali wa bei, ambapo ilipofika Novemba 1923 dola moja ilikuwa inauzwa marki trilioni 4.2. Utafiti huo ndo ukaja kuwa kitabu chake cha kwanza, Paper and Iron, mwaka 1995. Naanza na hili kwa sababu wengi wanamjua kwa mabishano ya kwenye TV na magazeti, wanasahau kwamba msingi wake ni mafaili, yani kukaa na barua za mabenki na vitabu vya hesabu vya makampuni mpaka vikaongea. Baadae kafundisha Oxford, New York, Harvard, na saivi yupo Hoover Institution, taasisi ya utafiti pale Stanford. Mwaka 2024 Uingereza wakampa u-Sir.

Ni kweli aliishi Kenya?

Ndiyo. Alipokuwa mtoto mdogo familia yake ilikaa Nairobi, baba yake alikuwa daktari, na ilikuwa miaka michache tu baada ya uhuru wa 1963. Anaelezea mwenyewe mwanzoni mwa Empire: nyumba, msichana wa kazi, maneno machache ya Kiswahili, na ile hali ya kujisikia salama kabisa. Mi naona ukurasa huo ni muhimu kuliko unavyoonekana, kwa sababu ndo dirisha alilochungulia himaya, dirisha la mtoto aliyeikuta imeshaondoka rasmi ila raha zake bado zipo. Mtoto wa Nyeri wa umri huohuo, ambaye baba yake alipitia kambi ya kizuizini enzi za Mau Mau, alichungulia dirisha lingine kabisa. Ntarudi hapo.

Na mkewe je, ni wa huku?

Ayaan Hirsi Ali, kazaliwa Mogadishu na sehemu ya ujana wake kaipitia Nairobi. Walioana 2011.

Sijawahi kusoma kitabu chake hata kimoja, nianze na kipi?

The Ascent of Money, cha mwaka 2008. Kilitoka mwaka uleule mabenki ya Marekani yanaanguka, kikawa na kipindi cha TV ambacho kilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy 2009. Kinakuchukua kuanzia vibao vya udongo vya Mesopotamia vilivyoandikwa nani anadaiwa nini, kinapita Potosí kule Bolivia ambako Wahispania walichimba mlima mzima wa madini ya fedha kwa jasho na roho za wenyeji, halafu wakashangaa kwanini fedha imejaa Ulaya na bei zinapanda na wao utajiri wao unayeyuka. Somo lake hapo limekaa vizuri: madini ya fedha yenyewe siyo utajiri, thamani yake ni kile ambacho mtu mwingine yupo tayari kukupa kwa ajili yake, kwa hiyo hela ni kuaminiana. Anayetumia simu kutuma pesa kijijini kila wiki hilo ataling'amua haraka kuliko profesa.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya wachungaji wawili wa Scotland, Robert Wallace na Alexander Webster, miaka ya 1740. Wachungaji walikuwa wanakufa wanaacha wajane na watoto hawana kitu. Hawa wawili wakaamua kuunda mfuko, ila badala ya kusubiri mtu afe ndo watu wachangishane, wakakaa chini wakahesabu kila mwaka wachungaji wangapi hufariki, wajane wangapi wanabaki, wanaishi miaka mingapi, kisha wakapanga michango iwekezwe na wajane walipwe kutokana na faida. Wakapiga hesabu kwamba ikifika 1765 mfuko utakuwa na pauni 58,348. Ilipofika, ulikuwa na 58,347. Pauni moja tu pungufu! Kila nikisoma hapo nafikiria vikundi vyetu vya kuzikana na kusaidiana, kwamba nia ileile ipo hapa tangu zamani, kilichokosekana ni kumbukumbu za vifo na mahali pa kuaminika pa kuweka akiba ikazaa.

Hatifungani ni nini na kwanini anaizungumzia kila kitabu?

Hatifungani ni karatasi ya deni. Serikali inakuambia nikopeshe leo, ntakulipa riba kila mwaka na mtaji wako ntaurudisha tarehe fulani. Karatasi hiyo unaweza kumuuzia mtu mwingine, na hapo ndo nguvu ilipo, maana bei yake sokoni ikishuka ina maana watu wanaanza kuwa na wasiwasi na serikali ile, na serikali ikitaka kukopa tena italipa riba kubwa zaidi. Kwa hiyo watu ambao hawajapigiwa kura na mtu yeyote wanapiga kura kila siku kuhusu serikali yako.

Mfano wake mzuri ni vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Majimbo ya Kusini, yale ya watumwa, mwaka 1863 yaliuza Ulaya hatifungani zilizodhaminiwa kwa pamba. Akili nzuri tu, ila dhamana ina maana pale tu unapoweza kuichukua, na New Orleans, bandari kubwa ya pamba, ilikuwa imeshatekwa na Kaskazini tangu 1862. Mkopeshaji angeifuataje pamba yake? Kusini wakabaki kuchapisha noti, bei zikapaa, na vita wakashindwa kwenye daftari kama walivyoshindwa uwanjani.

Kwenye The Cash Nexus, 2001, analieleza kwa mpangilio zaidi, kwamba dola iliyotaka kupigana vita na kushinda ilihitaji vitu vinne vinavyoshikana: watumishi wa kukusanya kodi, bunge la kuidhinisha kodi hizo, soko la deni la taifa, na benki kuu. Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa navyo vyote, Ufaransa ikawa na watu wengi na ardhi kubwa lakini ikakopa kwa riba ya juu zaidi, na deni hilo ndo likamlazimisha mfalme aitishe lile baraza la 1789 lililozaa mapinduzi. Ni kitabu kigumu kidogo, kimejaa takwimu, ila ukikielewa hivyo vinne utaisoma bajeti ya nchi yako kwa macho mengine.

Rothschild ndo wanamiliki benki kuu zote duniani, si ndiyo?

Hapana. Naomba hili tulimalize, kwa sababu linazungushwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp na linabeba chuki dhidi ya Wayahudi ambayo ilishaua mamilioni ya watu.

Ferguson aliruhusiwa kuingia kwenye nyaraka za familia yenyewe, London, nyingi zikiwa barua za ndugu kwa ndugu zilizoandikwa Kijerumani chao cha Kiyahudi kwa herufi za Kiebrania, na kutokana na hizo akaandika The World's Banker, 1998, kitabu kinene kweli. Anachoonyesha ni familia iliyotoka mtaa uliobanwa wa Wayahudi kule Frankfurt, baba Mayer Amschel na watoto wake watano waliosambaa: Amschel akabaki Frankfurt, Salomon Vienna, Nathan London, Carl Napoli, James Paris. Nguvu yao ilitokana na kuwa na ndugu wa kuaminika kwenye masoko matano kwa wakati mmoja, na habari kufika kwao haraka. Karne ya 19 walikuwa wakubwa sana kwenye hatifungani, hilo halina ubishi. Ila karne ya 20 walipitwa, na wengine wao wakaporwa na Wanazi.

Ile hadithi ya kwamba Nathan alipata mapema habari za Waterloo, vita ya 1815 ambapo Napoleon alishindwa, akatajirika siku moja, Ferguson anaigeuza juu chini kwa ushahidi. Nathan alikuwa amenunua dhahabu nyingi akitegemea vita itakuwa ndefu kama zilizotangulia, jeshi la Uingereza chini ya Wellington litahitaji kulipwa mwaka hadi mwaka, na vita ikaisha haraka! Ushindi wa Uingereza ulikuwa umemweka pabaya, akaja kujikomboa baadae kwa kununua hatifungani za Uingereza kwa wingi na kuzishikilia mpaka zikapanda.

Sasa kukataa uzushi siyo kuwasafisha. Uingereza ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake kwa sheria ya 1833, ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo walilipwa wenye watumwa, watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Mwaka 1835 Nathan Rothschild na shemeji yake Moses Montefiore ndo waliosimamia mkopo wa pauni milioni 15 wa kulipia hilo jambo, na deni lile serikali ya Uingereza ilikuja kulimaliza mwaka 2015. Mwaka 1875 waziri mkuu Disraeli alipotaka kununua hisa za Mfereji wa Suez kutoka kwa Khedive Ismail, mtawala wa Misri aliyekuwa amezama kwenye madeni, pauni milioni 4 zilitoka kwa Rothschild. Miaka saba baadae, 1882, jeshi la Uingereza lilikuwa ndani ya Misri. Na waliwekeza pia kwa Cecil Rhodes, mkoloni wa kusini mwa Afrika, na kampuni yake ya almasi ya De Beers. Yote haya yapo kwenye rekodi, hayahitaji siri wala ushirikina.

The Pity of War kinasema Uingereza haikupaswa kuingia vita ya 1914. Anamaanisha?

Anamaanisha kabisa. Kitabu ni cha 1998 na hoja ni kwamba Uingereza ilikosea vibaya mno kuigeuza vita ya bara la Ulaya kuwa ya dunia, kwamba Ujerumani ikishinda mapema pangetokea Ulaya ya kibiashara chini ya Wajerumani, na mamilioni wangepona. Wanahistoria wengi hawakubaliani nae, wanamwambia Ujerumani ile haikuwa na nia ya upole hivyo, na mi nipo upande wao. Ila njia yake ya kufika hapo inafundisha. Anaangalia masoko ya hatifungani na kukuta wenye hela wa London hawakuiona vita inakuja mpaka siku za mwisho za Julai 1914, ghafla tarehe 31 soko la hisa likafungwa.

Kuna hesabu moja maarufu humo ndani: kambi ya Uingereza na Ufaransa ilitumia dola 36,485 kwa kila mwanajeshi wa adui aliyeuawa, Wajerumani na wenzao wakatumia dola 11,344. Inashtua na ndo lengo. Lakini jiulize nani hayumo. Huku kwetu vita ilianza Tanga Novemba 1914 kwa kiasi kikubwa na haikuisha mpaka kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliposalimisha silaha Abercorn (Mbala ya leo, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Iliyobeba vita hiyo ni migongo ya wapagazi, wakafa makumi ya maelfu kwa kuhara, malaria na njaa, siyo kwa risasi. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina lao. Hesabu ya gharama ya kumuua adui mmoja haina safu ya mtu kama huyo, kwa sababu hakuuawa na adui, alimalizwa na aliyemwajiri.

Empire kinatetea ukoloni?

Hili ndo swali kubwa na jibu la haki ni refu kidogo.

Empire kilitoka 2003 pamoja na kipindi cha Channel 4. Hoja yake ni kwamba himaya ya Uingereza ilifanya mabaya mengi lakini hakuna chombo kingine kilichosambaza biashara huria, mtaji, sheria, lugha moja na mabunge duniani kama hiyo, na kwamba ukiilinganisha na himaya zilizokuwa zinashindana nayo, Ujerumani ya Hitler na Japani, ilikuwa nafuu, na mwisho ikajifilisi yenyewe kwa kupigana nazo. Mabaya hayafichi. Utumwa umo, Omdurman 1898 imo ambako Wasudani takriban 10,000 waliuawa kwa siku moja na upande wa Waingereza na Wamisri wakafa 48, kambi ambamo Waingereza waliwafungia Makaburu zimo, mauaji ya Amritsar kule India 1919 yamo. Mtu akikuambia kitabu hakitaji uovu wowote hajakisoma.

Tatizo langu ni namna anavyopima. Anaweka mema upande huu, mabaya upande huu, kisha anajumlisha, kama vile reli na kamba ya kunyongea vinaweza kuwekwa kwenye mzani mmoja na jibu likatoka kwa kilo. Anayepata reli na anayenyongwa siyo mtu mmoja! Chukua reli yenyewe, ya Mombasa mpaka Kisumu, ilijengwa kati ya 1896 na 1901, ikagharimu zaidi ya pauni milioni 5 na ikaua vibarua kutoka India kama 2,500. Reli ikishajengwa inataka mizigo na koloni linataka mapato, kwa hiyo Mkataba wa Buganda wa 1900 ukaweka kodi ya kibanda rupia 3, Kenya nayo ikafuata, na mwenye kibanda asiyekuwa na rupia ikabidi akazitafute kwenye shamba la mzungu. Hapa ndo nashangaa, maana mtu aliyetufundisha kwenye The Cash Nexus kwamba kodi, bunge na deni vinakwenda pamoja angetakiwa awe wa kwanza kuuliza: hawa wanalipa kodi, bunge lao liko wapi? Uingereza waliweka kodi kwetu bila bunge letu, ile nguzo moja wakaiacha makusudi, na ndo nguzo anayoisifia kuliko zote.

Mau Mau je?

Kwenye Empire imepewa nafasi ndogo sana. Wanaomtetea wanasema vitabu vikubwa vya wanahistoria David Anderson na Caroline Elkins kuhusu Mau Mau vilitoka 2005, baada yake, na ni kweli. Lakini hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, Waafrika 1,090 walinyongwa kwa amri ya mahakama, wafungwa 11 wakapigwa mpaka kufa kwenye kambi ya Hola mwaka 1959 na jambo likafika mpaka bunge la London wakati uleule. Halikuwa siri. Kilichokuwa siri ni mafaili yaliyofichwa Hanslope Park huko Uingereza, yaliyojulikana hadharani 2011, na Juni 2013 serikali ya Uingereza ikaeleza masikitiko na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 wa Kenya. Ndo maana nilisema ule ukurasa wa utoto wake Nairobi ni muhimu. Alikuwa ndani ya mji ule, miaka isiyofika kumi tangu hali ya hatari iondolewe, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Vingine vina uzito gani?

Colossus, 2004, kinasema Marekani ni himaya inayokataa kukiri na kwamba inapungukiwa hela, watu wa kwenda kukaa huko ng'ambo, na uvumilivu. Aliunga mkono uvamizi wa Iraq, kwa hiyo kisome ukilijua hilo. The War of the World, 2006, ni kizito na kizuri kuhusu kwanini karne ya 20 iliua hivyo: ukabila, uchumi unaopanda na kushuka ghafla, na himaya zinazokufa. Civilization, 2011, ni cha haraka mno, ana vitu sita anavyosema vimeipa Magharibi ushindi, ushindani, sayansi, haki ya mali, tiba, matumizi na maadili ya kazi, na mwandishi Pankaj Mishra alikishambulia kwa nguvu kwenye jarida la London Review of Books mpaka Ferguson akatishia kwenda mahakamani. The Square and the Tower, 2017, kinahusu mitandao ya watu dhidi ya vyeo, wazo tamu, utekelezaji umetawanyika. Kissinger, juzuu la kwanza la 2015 kuhusu maisha ya Henry Kissinger, mwanadiplomasia wa Marekani, linaishia 1968, yani kabla hajaingia ikulu, kwa hiyo usitafute Cambodia wala Chile humo.

Utabiri wake wa uchumi huwa unatimia?

Siyo mara zote. Mwaka 2009 alibishana na mchumi Paul Krugman akisema nakisi ya bajeti ya Marekani itapandisha riba, na Novemba 2010 alikuwa kati ya waliosaini barua kwa Ben Bernanke, mkuu wa benki kuu ya Marekani wakati huo, kuonya juu ya mfumuko wa bei. Kwa miaka mingi baada ya hapo riba na bei zote zilibaki chini. Mwanahistoria aliyeanza na Ujerumani ya 1923 huwa anaiona 1923 kila mahali, ndo maoni yangu.

Ila kuna wazo lake la karibuni nalichukulia kwa uzito. Anaiita Sheria ya Ferguson, kwa heshima ya Adam Ferguson, mwanafalsafa wa Scotland wa karne ya 18: dola kubwa inayotumia zaidi kwenye riba ya deni kuliko kwenye ulinzi haikai muda mrefu kuwa kubwa. Marekani ilivuka mstari huo 2024.

Hayo ya Marekani yanatuhusu nini sisi?

Angalia Kenya. Hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokopwa 2014 kwa riba ya 6.875% ilikuwa inaiva Juni 2024. Ili kuilipa, Februari 2024 serikali ikauza nyingine ya dola bilioni 1.5, safari hii kwa riba ya 9.75%. Miezi minne baadae Muswada wa Fedha ukaleta kodi mpya, vijana wakaingia barabarani, na tarehe 25 Juni wakafika ndani ya bunge, watu wakauawa kwa risasi. Ukiwa umesoma kuhusu Ufaransa ya 1789 au Misri ya 1875 hutasema hii ni ghafla. Deni, riba, kodi, bunge, mtaa, vinafuatana kwa mpangilio uleule.

Nimsome yeye au Walter Rodney?

Wote, na ikiwezekana kwa wakati mmoja. Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kitabu chake cha How Europe Underdeveloped Africa kilitoka 1972, London na hapahapa Dar kupitia Tanzania Publishing House. Yeye anauliza faida ilikwenda wapi, Ferguson anauliza mtaji ulitoka wapi. Soma sura ya Rodney kuhusu ukoloni kisha fungua Ferguson anapozungumzia mitaji ya London kusambaa duniani, utaona wanaongelea meli ileile, mmoja kasimama bandarini inakotoka, mwingine inakopakia.

Sina muda wa kurasa 600, nisome wapi tu?

The Ascent of Money, sura ya hatifungani na ile ya bima. The World's Banker, sehemu ya Waterloo na sehemu ya Suez. Empire, utangulizi na sura ya bunduki ya Maxim, kisha hapohapo tafuta ushuhuda wowote wa mzee aliyepita kambi za Mau Mau, usiache wiki ipite katikati.